Jina la Kutajwa Kengeleni

Kengele ya manowari ya mume wangu ilikaa kichwa chini juu ya meza yangu ya jikoni, pale Gosport, mji wetu wa bandari, nami nikaisugua kwa siki na chumvi mpaka shaba ikang'aa. Desturi ya wanamaji wetu ni hiyo: kengele ya meli hugeuzwa, ikatiwa maji, mtoto akabatizwa humo, kisha jina lake likachongwa kwa ndani. Jumapili ilikuwa zamu ya mjukuu wetu wa kwanza.

"Tutamwita Clement," alisema binti yetu Rosamund akimimina chai. "Na Baba ndiye atakayelitaja jina mbele ya kasisi."

Herbert akaweka kikombe chini. "Mwite jina lolote. Hilo hapana."

"Ala! Kaka yangu amekukosea nini?" nikamrukia. Clement alikuwa mdogo wangu; nilimlea mimi tangu mama alipotutoka. Nilimwogesha, nikamfundisha kufunga viatu. Alizama mwaka wa arobaini na mbili, akiwa fundi wa redio kwenye meli ya mizigo, na kaburi hana. Nilichobakiwa nacho ni hilo jina tu.

Herbert akatoka kwenda bustanini. Nikamfuata na aproni yangu, maana mimi si mtu wa kumeza maneno.

"Dora, niache."

"Sikuachi ng'o. Sema."

Aliingia jeshi la majini akiwa na miaka kumi na mitatu, akapigana vita vile vya kwanza na hivi vya pili, kifua kikajaa nishani. Lakini tangu astaafu, akisikia watoto wakiitana ufukweni, lazima afunge dirisha. Nilidhani ni uchovu.

Alisimulia bila kunitazama. Katika vita vya kwanza, yeye bado ofisa kijana, nahodha wake alisimamisha meli kuwaokoa watu waliokuwa majini. Nyambizi iliyowazamisha watu hao ilikuwa bado inavizia. Ikawapiga na wao. Nusu ya wenzake walikufa kwa huruma ya mtu mmoja. Siku hiyo Herbert aliapa kwamba akipewa meli yake, hatasimama.

"Nikapewa meli," akasema, "na msafara wa kuulinda. Alfajiri moja ikapigwa meli ya mizigo. Amri ilikuwa tusisimame. Nikapita katikati ya watu waliokuwa wakielea, Dora. Walishangilia, wakidhani tumewafuata. Mmoja akaita, 'Bertie!'"

Bertie. Melini hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Ndivyo Herbert alivyoitwa nyumbani kwetu tu.

"Ulijua yumo?"

"Sikujua. Walikuwa wamembadilishia meli."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpazia sauti, 'Clement, tunarudi!' Tulirudi adhuhuri. Hapakuwa na mtu."

Damu ikanipanda. Miaka mitano amelala kitandani mwangu, amenishika mkono nikimlilia kaka yangu kanisani, naye kimya!

"Basi Jumapili utalitamka," nikamwambia. "Wewe mwenyewe, na watu wote wakusikie."

Nilitaka jina hilo limkwame kooni, sioni haya kusema. Siku zote zilizofuata nilimpakulia chakula kama mpangaji. Ila kila nilipokaa peke yangu niliwawaza wale vijana waliokuwa melini mwake asubuhi ile, nao kaka za watu. Wazo hilo nililifukuza, likarudi kama inzi.

Jumapili, Herbert akambeba mtoto juu ya kengele.

"Mpeni mtoto huyu jina," kasisi akasema.

Herbert akainama, akayaona maji. Midomo ikafunguka, kisitoke kitu.

"Baba?" Rosamund akanong'ona.

Uso wa Herbert ulikwisha kuwa mweupe, na macho yake hayakuwa tena kanisani. Hicho ndicho nilichokitaka, na Mungu wangu, kilikuwa kibaya kukitazama. Nikatoka kwenye benchi, nikasimama naye bega kwa bega.

"Clement," nikasema.

Maji yakamwagwa, mtoto akapiga kelele kwelikweli, watu wakacheka. Herbert akashtuka, akayatazama tena maji. Sikuwa nimemsamehe, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe. Lakini mtoto alikuwa mzito, na maji yalikuwa chini yake. Nikapitisha mikono yangu chini ya mikono ya mume wangu, nikashikilia.