Kizimba cha Mlango Namba Nne

Foleni ya mlango namba nne ilikuwa haisogei, na kilichoizuia kilisimama pale mbele kwa miguu minne ya chuma: kizimba cha kupimia mizigo ya mkononi. Kilipakwa rangi ya bluu, kikabandikwa kibao kinachosema kwamba begi lisiloingia humo hulipiwa na kushushwa chini ya ndege. Pembeni yake palikuwa na mizani, na pembeni ya mizani binti wa shirika, sare imenyooka, sura imekazwa, mashine ya malipo mkononi. Alikuwa na umri wa mtu wa kutumwa dukani, lakini siku hiyo watu wazima walimnyenyekea kama hakimu.

Mtu wa sita kwenye foleni alikuwa mchomeleaji, mtaani kwao wakimwita Fundi Cheche, na alikuwa akitokwa na jasho ndani ya ukumbi wenye viyoyozi vinne. Jasho lile lilikuwa na sababu. Kizimba kile alikichomelea yeye, kwa mikono yake miwili, na alijua kimepungua sentimita tano kwa urefu na kwa upana. Mbele yake alisimama mama yake mzazi akivuta sanduku jipya, gumu, lililonunuliwa sawasawa na vipimo vilivyoandikwa kwenye tiketi.

Tuseme ukweli, mwanzo ilikuwa bahati mbaya. Fundi Cheche amekulia kwenye grili na mageti. Grili ya dirisha hupimwa kwa nje, maana ni lazima iingie kwenye tundu la ukuta. Basi shirika la ndege lilipompa oda ya vizimba kumi na viwili, mkono ulifanya ulichozoea, vipimo vyote akavitoa kwa nje. Bomba la inchi moja huku, bomba la inchi moja kule, na nafasi ya ndani ikaliwa na chuma. Aligundua siku ya kupeleka mzigo. Akamwendea afisa manunuzi kwa haya, akamwambia, "Mkubwa, nimekosea. Nipe wiki moja nivirudie kwa gharama yangu." Afisa alivitazama, akatazama saa yake, akasema viache tu. Baada ya mwezi alipiga simu anacheka. Alitaka vingine thelathini, vilevile, "na usiniongezee hata sentimita, fundi wangu."

Fundi Cheche hakuwa mjinga, alielewa mara moja pesa inatoka wapi. Lakini alijiambia kuwa yeye ni mtu wa chuma, hayo mengine ni ya wenye ndege, akawasha mashine yake akaendelea kuchomelea. Siku hii ninayoisimulia, ishirini kati ya hivyo thelathini vilikuwa karakana vikingoja rangi.

Mama yake ni mshonaji. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kitambaa shingoni, hata msibani, watu walimbandika jina la Bi Futi. Sanduku lile alikwenda kulinunua peke yake, akamsumbua muuzaji kwa kulipima mara tatu. Mwanawe alilikuta limesimama mlangoni asubuhi ya safari. Angeweza kusema, "Mama, chukua dogo zaidi." Mama angeuliza kwa nini. Kwa hiyo alinyamaza, akalibeba mpaka kwenye teksi, akiomba Mungu wasipime.

Nalo halikuwa sanduku la nguo za kutembelea. Dada yake Bi Futi, ambaye fundi humwita mama mkubwa, alikuwa amelazwa katika mji wa mbali, siku mbili kwa barabara. Kesho yake saa mbili asubuhi angepasuliwa uti wa mgongo, na daktari alishasema kwamba bila koti gumu la plastiki la kumshikilia baada ya kushonwa, hashiki kisu. Koti lilifinyangwa huku, kwa kipimo cha mwili wa mgonjwa mwenyewe, kabla hajahamishwa. Halikunjiki, na lilijaza sanduku zima. Shida haikuwa kulipa, maana hata ukilipa sanduku linakwenda chini, na mizigo ya chini ya shirika lile ilifika ikijisikia. Jirani yao alipata begi lake siku ya nne, limepasuka kama boga.

Mbele yao mfanyabiashara mmoja mnene alisukuma begi lake kizimbani likakwama. Akatukana kidogo kidogo, akalipa. Ikawa zamu ya Bi Futi.

"Ingiza humo, mama," binti alisema bila kumtazama.

Sanduku liligonga ukingo wa juu likagoma.

"Limezidi. Utalipia, litashushwa chini."

"Limezidi nini, mwanangu? Hili nimelipima mwenyewe."

"Kipimo ndicho hiki, mama."

Bi Futi hakubishana. Alivuta futi shingoni, akapiga goti, akalipima sanduku huku akitaja namba kwa sauti, kama anayemtajia mwanafunzi wake za kuandika. "Urefu, hamsini na tano. Upana, arobaini. Kina, ishirini na tano." Kisha akahamishia futi kwenye mdomo wa kizimba. Akapima tena. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Thelathini na tano!" aliwageukia wa nyuma. "Jamani, tiketi zetu zinasema arobaini, hili dude ni thelathini na tano! Tunaibiwa mchana kweupe!"

Ukumbi ulilipuka. Waliokwisha kulipa walitaka warudishiwe, wasiolipa wakaapa hawatalipa. Mwanamke mwenye miwani alilitoa begi lake kwenye mizani akalikumbatia. Binti akashika simu ya upepo.

"Na huyo fundi aliyetengeneza takataka hii ni fundi gani?" Bi Futi alifoka, mkono kiunoni. "Nakuapieni, huyo hakufunzwa na mamaye!"

Fundi Cheche alitazama viatu vyake. Alikuwa na hasira, hasira kweli, za kumfanya meno yaume. Alimchukia binti kwa kutomtazama mama yake, alimchukia afisa manunuzi na kicheko chake cha kwenye simu, aliichukia hata ile rangi ya bluu. Akamshika mama yake kiwiko.

"Mama, tulipe tu, yaishe."

Bi Futi akamtazama kana kwamba ameongea kilevi. "Yaishe nini? Dada yangu ndiye aishe?"

Msimamizi alifika, mwanamume mwembamba mwenye beji mbili kifuani, moja haikumtosha. Alisikiliza sekunde chache, akainua kiganja.

"Mama, unachelewesha ndege. Kizimba hiki kimetengenezwa kwa vipimo vya shirika, na fundi tuliyemthibitisha. Hiyo futi yako ya kitambaa imelegea kwa uzee, ndiyo maana inakudanganya. Una dakika tano. Lipa, au nafuta jina lako, uende kesho."

Kesho! Na kesho saa mbili asubuhi mtu amelazwa kifudifudi anangoja. Bi Futi akaishika futi yake. Miaka arobaini amepima mabibi harusi, wanajeshi, na hata marehemu wawili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba futi yake inasema uongo. Macho yake yakajaa maji, na mwanawe akayaona.

"Haijalegea," Fundi Cheche alisema.

"Unasema?" msimamizi akauliza.

"Futi ya mama haijalegea. Kizimba ndicho kidogo. Nimekichomelea mimi." Alikuwa amepandisha sauti. Alikishika kizimba miguu, akakilaza sakafuni kwa kishindo, akaonyesha chini yake alama aliyoigonga kwa patasi, ile anayoigonga kwenye kila kazi yake. "Hii ni alama yangu. Nilipima nje badala ya ndani. Niliwaambia wakubwa zenu. Wakaniagiza vingine thelathini vilevile, vya makusudi!"

Alitegemea nini? Labda kwamba ukweli ukishasemwa kwa sauti kubwa utafungua mlango. Msimamizi alikiinua kizimba taratibu, akakifuta vumbi, akakirudisha mahali pake.

"Kama una malalamiko kuhusu kazi yako mwenyewe, kaandike barua," alisema. "Leo kipimo ni hiki."

Hapo akadakia yule mfanyabiashara mnene, ambaye alikuwa bado ameshika risiti yake. "Kumbe ni wewe! Mara tatu mwaka huu nimelipa! Mara tatu! Na ulikuwa unajua!" Alimsogelea mpaka tumbo lake likamgusa fundi. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, eti? Angekuwa mama yangu mimi aliyesimama hapa, ungesema?"

Fundi Cheche alijua jibu. Asingesema. Kila siku ndege ile iliporuka, mama za watu walisimama hapa, na yeye alikuwa karakana anakunywa chai.

Bi Futi alimgeukia mwanawe.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa pili, mama."

"Asubuhi hii, uliponibebea sanduku mpaka kwenye gari?"

"Nilijua."

"Na sasa hivi nilipopiga goti hapa, mbele za watu, na miguu yangu hii?"

Mama yake aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiihofia.

"Mimi nikiharibu nguo ya mtu, naifumua," alisema. "Hata usiku kucha. Hata kwa hasara. Umeniona tangu unatambaa."

Kisha akalilaza sanduku, akavuta zipu, akalitoa lile koti: jeupe, gumu, vipande viwili vyenye matundu na mikanda mipana ya kunatisha. Akakivaa kipande cha mbele juu ya gauni lake. Dada yake ni mtu wa mwili, yeye mwembamba, koti likamcheza. Akavua sweta, akalishindilia ndani mpaka likakaza. Fundi Cheche alisogea haraka kushika kipande cha nyuma, maana mikanda ile haifungiki na mvaaji mwenyewe.

"Toa mkono," mama yake alisema, bila ukali wowote. Akamgeukia yule mwanamke mwenye miwani. "Dada, naomba unifunge."

Mwanamke yule aliweka begi chini akamfunga, mkanda mmoja baada ya mwingine, akimuuliza kama anaumia. Fundi alisimama hatua moja nyuma yao, mikono ikimning'inia. Hakuna tusi alilotukanwa siku ile lililomchoma kama kuiona mikono ya mtu baki mgongoni mwa mama yake.

"Mama, lakini huo ni mzigo," binti wa shirika alijaribu.

"Huu nimevaa. Kama mwili wangu nao umezidi, niingize humo kizimbani unipime."

Kicheko kikapasuka foleni nzima, kicheko cha watu wenye hasira. Msimamizi alianza kusema kitu. Binti akakitazama kizimba, akamtazama bosi wake, kisha akaichukua kadi ya safari ya Bi Futi, akaichana kipande, akamrudishia. Nina hakika siku ile naye alihesabu amewatoza wangapi.

Fundi Cheche akatoa kadi yake mfukoni.

"Wewe unakwenda wapi?" Bi Futi aliuliza.

"Nakusindikiza, mama."

"Nitasindikizwa na Mungu. Wewe baki. Hawa wote nyuma yako wana mama zao."

Akaondoka. Kupitia kioo, mwanawe alimwona akivuka uwanja kuelekea ndege, amenyooka kama nguzo, hawezi kuinama wala kujipinda. Kwenye ngazi ilibidi mfanyabiashara mnene amshike mkono, akapanda kidato kimoja, akapumzika, akapanda kingine. Koti lile lisingemruhusu kugeuka hata kama angetaka. Fundi alibaki pale akijiambia hivyo, na hakujiamini.

Mbele ya kioo kulikuwa na sanduku tupu, wazi, na nyuma yake watu kumi na wawili. Alimtukana afisa manunuzi kimoyomoyo, akamtukana msimamizi, na matusi yote yakaishia kwake mwenyewe. Akafikiria vizimba ishirini vinavyongoja rangi, na vijana wanne anaowalipa mishahara. Akaikunja kadi yake ya safari mara mbili, akaitia mfukoni.

Mzee mmoja mwenye fimbo aliweka begi lake juu ya kizimba, likakwama. Binti akainua mashine ya malipo, lakini hakuibonyeza.

"Usilipe, baba," Fundi Cheche alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni. "Begi lako halina kosa. Hiki nimekiharibu mimi, na sitoki hapa mpaka kifumuliwe."