Picha Kavu Tu

Janelle Harwood alisimamisha gari kando ya barabara ya vumbi, pale uzio wa shamba la pamba la Strathmoy unapopinda kufuata mto, akashusha kishada na susu la kamera. Upepo ulikuwa wa kusini, wa kutosha kupeperusha kola ya shati. Alirusha kishada kwanza kikiwa peke yake, akakiacha kitulie, ndipo akafunga susu kwenye kamba: vijiti viwili vilivyopishana msalaba na kuning'inizwa kwa nyuzi ili kamera isiyumbe. Akaiwasha. Kamera ikaanza kujipigia picha yenyewe kila baada ya muda mfupi, na kama kawaida za mwanzo zote zilikuwa za kidevu chake.

Kazi hii alijifunza kwenye tovuti. Ipo tovuti ya wapiga picha kwa vishada, ina ukurasa wa mafundo, ukurasa wa kusoma upepo kwa kutazama majani, michoro ya kutengeneza susu kwa vining'inizio vya nguo, na ukumbi mkubwa wa picha ambamo watu wa dunia nzima hutazamiana mapaa ya nyumba. Kanuni zake ni chache. Kila picha itajwe upepo wake na urefu wa kamba. Mgeni atundike kwanza picha ya kidevu chake, kwa sababu hakuna aliyewahi kupeleka kamera juu bila kujipiga kidevu. Cha Janelle kilipokelewa kwa shangwe. Msimamizi wa tovuti, mzee wa Dunedin aitwaye Graeme Sillars, alimwandikia, "Karibu nyumbani, dada. Hicho kidevu kinajua upepo." Janelle aliyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya mama yake, na wote wawili walifurahi.

Strathmoy hawapendi kutazamwa. Ndege ndogo zisizo na rubani zilizopita juu ya uzio wao zilipigwa risasi, zikarudishwa kwa wenyewe ndani ya mifuko ya takataka. Kishada hawakukijali. Meneja wao alipita na gari lake, akashusha kioo, akasema, "Unacheza, bibie?" Janelle akamjibu kwamba ndiyo, anacheza.

Kwetu Pelican Bend, mji ulio chini ya shamba hilo, mto haupo. Ramani zinauita Darling, sisi Wabarkindji, wenyeji wa asili wa hapa, tunauita Baaka, na hata uuite kwa jina gani sasa ni shimo refu la udongo uliopasuka, na katikati yake limelala tairi la trekta. Maji ya bomba yanatoka kisima kirefu na yana chumvi ya kufanya chai ikatae maziwa. Mama yake Janelle, ambaye mji mzima unamwita Shangazi Merle, figo zake zimekufa, na anaishi kwa mashine ya kusafisha damu iliyowekwa chumbani kwake karibu na dirisha. Mashine haikuyataka maji ya kisima. Ilipiga kelele, ikajizima, ikachujiwa maji, ikajizima tena.

Nesi alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Shangazi, nafasi za mashine hospitali ya Broken Hill zimejaa. Iliyobaki ni Adelaide, kule mbali."

"Adelaide nitakwenda ndani ya sanduku," alisema Shangazi Merle, "na hata humo nitagonga kifuniko."

"Tutasubiri mpaka pamba ivunwe. Maji mazuri yasipopatikana, itabidi uende."

"Pamba ndiyo imeyanywa hayo maji, mwanangu. Unaniambia nimsubiri mwizi ashibe?"

Nesi aliinuka kitandani. Alikuwa msichana mzuri tu, na alimbusu shavuni akaondoka.

Kwa hiyo siku ile kishada kilipokuwa juu, Janelle hakuwa anacheza. Aliporudi nyumbani akafungua picha jikoni, aliruka videvu, akaruka barabara, akalikuta. Nyuma ya tuta lililopandwa miti ili asiyeruka asione, kulikuwa na bwawa. Lilikuwa kubwa kuliko mji. Lilikuwa limejaa mpaka midomo, na mfereji wake ulitoka moja kwa moja mtoni, mahali ambapo mto ulikuwa unaishia. Juu yake walielea ndege mwari, wale pelican ambao mji wetu umepewa jina lao na ambao watoto wetu hawajawahi kuwaona.

Aliipeleka picha ofisi ya maji. Ofisi ilijibu kwamba picha ni nzuri, ila hapo mahali hapana bwawa kwenye ramani. Basi Janelle akaitundika kwenye ukumbi wa tovuti, akaandika upepo wa kusini na urefu wa kamba, akaenda kuanika nguo. Aliporudi, maji yalikuwa yanatiririka kutoka pembe ya chini ya kioo cha kompyuta, yanapita mezani, yanaingia kwenye droo ya vijiko.

"Mama, kompyuta inavuja."

"Weka sufuria," alisema Shangazi Merle kutoka chumbani. "Na usiweke ile ya mchuzi."

Sufuria ilijaa. Likaja beseni, nalo likajaa. Shangazi Merle alijikokota mpaka jikoni, akachovya kidole, akakilamba. "Haya ni ya kwetu," alisema. "Yana udongo wa pale tulipokuwa tunaogelea." Halafu akaagiza ndoo.

Kwenye tovuti maoni yalikuwa yameanza kuingia. Benoît wa Dieppe aliandika, "Picha safi sana. Mstari wa tuta unavuta macho. Zulia langu limelowa mpaka kwenye kabati la vitabu. Ulitumia kamba ya unene gani?" Mwanamke wa Osaka aliandika kwamba samaki mdogo ametoka kati ya vitufe vya kompyuta yake, amemweka kwenye glasi, na angependa kujua anakula nini. Mwingine alishauri kwamba picha ingepigwa asubuhi zaidi, vivuli vingekuwa virefu. Watu kutoka kila pembe ya dunia waliloweshwa miguu kwa maji ya wizi, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza ni ya nani. Inatia hasira kulisema jambo hili kwa upole, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Mji ulikuja na madumu. Walipanga foleni kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa. Mjomba Kelvin, jirani, alijipa kazi ya kushika ndoo chini ya meza, na kila aliyepita alimtania. "Kelvin, leo una kazi!" "Kazi ninayo, mshahara ndio uko nyuma ya tuta," alijibu. Watoto waliogeshwa. Mti wa limau wa kanisani ulitoa ua. Na mashine chumbani ilipowekewa maji ya picha, yaliyochujwa mara moja tu, ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba, ikafanya kazi. Shangazi Merle alipata rangi usoni. Alianza tena kuwasema watu.

Janelle aligundua namna jambo lenyewe lilivyo. Picha iliyokaa kwenye kadi ya kamera ilikuwa kavu. Iliyochapishwa kwenye karatasi ilikuwa kavu. Aliijaribu kwenye ile mitandao ya watu wengi, ikatoa matone mawili matatu, kwa sababu huko watu hawakuitazama, waliipitia tu. Ilivuja pale kwenye ukumbi wa vishada, ambako watu wana tabia ya kukaa na picha, kuikuza, kuhesabu vivuli na kubishana juu ya pembe. Walivyozidi kuitazama ndivyo maji yalivyozidi kuja. Basi akawa anarudi barabarani kila upepo uliporuhusu, na kila mara akawatundikia bwawa jipya la kutazama: kutoka mashariki, kutoka kwenye mfereji, likiwa na mwari na bila mwari.

Mkaguzi wa ofisi ya maji alifika pamba ilipoanza kupasuka. Aliitwa Pethick. Alivua viatu mlangoni kwa sababu jikoni palikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo, akakunja suruali, akachota kidogo kwenye chupa, akaitikisa mbele ya dirisha.

"Strathmoy wamelalamika," alisema. "Bwawa lao limeshuka."

"Bwawa lipi?" aliuliza Janelle.

"Hilo."

"Ofisi yenu iliniandikia kwamba halipo."

"Halipo kwenye ramani, dada. Kitu kisichokuwa kwenye ramani siwezi kukikagua." Aliweka chupa mfukoni. "Haya ya jikoni kwako yapo. Nimeyakanyaga. Na huna kibali cha kuyavuta."

Shangazi Merle alikuwa amesimama mlangoni akiwa ameshika fremu ya mlango. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Pethick, bibi. Wa Wilcannia zamani."

"Baba yako alivua samaki kwetu. Alikuwa anakula hapa, kwenye meza hiyo hiyo. Ulijua kwamba mto wote uko kule nyuma?"

"Najua, bibi," alisema Pethick. "Kila mtu ofisini anajua."

Alilisema bila aibu, kama mtu anayetaja saa. Kisha akatoa mita kwenye mkoba wake, akaifunga kwenye pembe ya kioo cha kompyuta kwa skrubu nne, akaijaribu kama inazunguka, akavaa viatu, akaenda zake. Mita ilizunguka vizuri. Mjomba Kelvin aliitundikia kitambaa cha vyombo.

Hilo lisingetushinda. Tumeshawahi kuishi na mita. Kilichotumaliza kilitoka kwa watu wa vishada.

Graeme alimwandikia Janelle faraghani, na maneno yake yalikuwa laini. "Dada yangu, unajua tunavyokuthamini. Lakini wanachama wanalalamika. Mtu mmoja ameharibikiwa printa. Strathmoy nao wametuandikia. Sisi ni watu wa kishada na kamera, hatuingii kwenye mambo ya siasa. Huna picha nyingine? Piga kanisa. Piga kile kituo cha mafuta, kina paa zuri."

Janelle alimjibu, "Mama yangu anaishi kwa maji haya. Naomba muendelee kuitazama mpaka pamba iishe. Kutazama tu. Sijawahi kuwaomba kitu kingine."

Graeme alisema ataliweka mbele ya wanachama. Aliliweka. Walijadiliana kwa adabu kubwa, kila mmoja akianza kwa kusema anamhurumia mama. Benoît alisema yeye mwenyewe hana neno, ila mke wake amechoka na harufu ya tope. Yule wa Osaka peke yake ndiye aliyepinga. Alisema samaki wake amekua na kwamba asingependa kumwambia kuwa kwao kumefungwa. Wakapiga kura. Chini ya kanuni ya upepo na kamba ikaongezwa kanuni mpya: picha zitakazotundikwa ukumbini ziwe kavu.

Graeme alizishusha picha za bwawa moja baada ya nyingine. Mjomba Kelvin alikuwa ameshika ndoo, ikafika nusu, maji yakakatika. Alingoja. Alikigonga kioo kwa ubavu wa ngumi. Halafu akaiweka ndoo chini bila kumtazama mtu, na foleni ikarudi nyumbani na madumu yake matupu. Mita ilisimama pale ilipofika.

Mashine ilikunywa maji yaliyobaki kwenye beseni na ndoo, kisha ikaonja ya kisima, ikapiga kelele, ikajizima.

Siku basi dogo la hospitali lilipokuwa linakuja kumpeleka Adelaide, Shangazi Merle alisema hawezi kuondoka bila kuuona mto. Janelle akampeleka barabarani, akamkalisha kwenye kiti cha kukunja kando ya uzio. Kutoka pale chini palionekana miti tu, na pamba nyeupe iliyotanda mpaka macho yachoke. Upepo ulikuwa wa kusini tena. Kishada kilipanda.

"Nipe mimi hicho kidude," alisema mama. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akainama juu yake. "Nimebonyeza. Mbona haifanyi kitu?"

"Inafanya, Mama. Inakupiga kidevu."

"Basi wape kidevu. Mengine waliyakataa." Akakiinua juu zaidi, kama mtu anayenyolewa.

Dereva wa basi aliwakuta hapo hapo. Alikuwa mpole, akasaidia kukunja kiti. Janelle alibaki ameshika kamba, maana kishada hakiachiwi, na mikono yake haikuwa huru hata ya kumkumbatia mama yake. Shangazi Merle aligonga kioo cha dirisha kwa vidole vyake, akaendelea kugonga mpaka basi likapotea kwenye vumbi.

Janelle alitundika picha moja tu. Upepo wa kusini, kamera bado haijapanda, kidevu cha Mama. Kinaonekana chote, na mikunjo yake, na kovu la ndoana ya samaki alilolipata utotoni, na nyuma yake anga tupu. Alikaa jikoni, sufuria chini ya pembe ya kioo, akangoja. Halikutoka hata tone.

Wanachama waliipenda. Walikaa nayo siku nyingi, waliikuza, walisifu mwanga. Ilichaguliwa kuwa picha bora ya mwezi. Graeme aliandika kwamba hii ndiyo maana halisi ya kishada na kamera, na kwamba anamshukuru Janelle kwa kuelewa. Kule Strathmoy pamba ilivunwa, na tuta likaongezwa urefu. Benoît wa Dieppe aliongeza kwamba zulia lake sasa limekauka vizuri.