Mguu Uliotangulia Kazini

Mpiga pasi alikuwa bafuni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kulia kaunyoosha nje ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira wa sketi kuukuu. Wifi yake alikuwa akimmiminia maji kwa kopo huku akilalamika kwamba mgongo wenyewe mpana, unamaliza sabuni. Ndipo mpiga pasi alipohisi plasta ya mguu wake uliovunjika imekuwa nyepesi. Aliinyanyua kwa mkono mmoja bila taabu. Wifi akaweka kopo chini, akafungua mfuko, akapenyeza vidole upande ule zinakochungulia kucha. Vilitoka na pamba tu.

"Haumo," alisema.

"Jana wakati wa kulala ulikuwamo."

"Basi umetoka. Inama nikusuuze shingo, sabuni itakukaukia."

Walipomaliza kuoga walichungulia vizuri ndani ya plasta. Mguu ulikuwa umeishia kwenye kifundo, na ngozi ya pale ilikuwa imejifunga kama mdomo wa gunia lililoshonwa. Hakukuwa na damu wala maumivu. Wifi alitafuta chini ya kitanda, kwa sababu kila kinachopotea nyumba ile huishia huko, akapata ndala aliyokuwa ameikatia tamaa. Kisha akaenda kukoleza moto.

Maisha ya mpiga pasi tangu avunjike mguu yalikuwa ya kubuni-buni. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini kama kawaida yake. Mtu mwenye magongo mawili hana mkono wa kubebea kikombe, kwa hiyo chai yake ilikaa kwenye chupa aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Vitunguu alivikatia kitandani. Ngazi za mlangoni alizipanda na kuzishuka kwa makalio, kinyumenyume, na majirani wakamzoea. Kilichomtesa ni muwasho. Alikuwa akijikuna kwa sindano ya kufumia aliyoipenyeza ndani ya plasta, na siku hiyo ya kuoga muwasho uliendelea vilevile, ila ulitoka mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Jioni mshona vifungo, shoga yake wa kiwandani, alipita kumjulia hali.

"Mguu wako umefika kazini," alisema akivua viatu. "Mapema, kabla ya kengele. Umesimama kwenye pedali yako."

Mpiga pasi alifanya kazi kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile inayofungwa na kufunguliwa kwa kukanyaga pedali.

"Na mashati nani anatandika?"

"Yule dada wa kola anakusaidia. Anausaidia, yaani."

"Bwana Pole kasemaje?"

"Kasema pole. Halafu kasema tuendelee."

Bwana Pole ndilo jina walilompa msimamizi. Feni likifa, alisema pole. Mtu akiungua na mvuke, alisema pole, kwa sauti nzuri kabisa, na mkono begani. Hakuna aliyewahi kumwona amekasirika, wala ameshika nyundo.

Mguu ulirudi magharibi. Ulisimama kwenye mkeka wa mlangoni ukajipangusa vumbi, ukaja hadi kitandani. Ulikuwa umevimba, na alama ya pedali ilikuwa imechorwa chini yake. Mpiga pasi aliukanda kwa maji ya chumvi. Alikuwa na hasira, lakini mguu ulipotulia mapajani mwake hasira ilimwishia, akauonea huruma kuliko alivyowahi kujionea mwenyewe. Kisha ukajisukuma ndani ya plasta kwa taabu, kama mtu anayevaa kiatu cha mwanawe. Asubuhi haukuwamo.

Lazima isemwe ulivunjika vipi. Kiwanda kiko ghorofani, na ngazi ya kupandia ina kidato kimoja kilichooza. Watu wote hukiruka. Mgeni akianza kazi, kitu cha kwanza anachofundishwa si cherehani, ni kuruka, na mpiga pasi ndiye aliyewafundisha wengi, akiwashika mkono na kuwatania waliokuwa na miguu mifupi. Siku mkaguzi wa usalama alipokuja mara ya kwanza, Bwana Pole alitandika kipande cha zulia juu ya kidato kile, akapita mashineni akinong'ona, "Leo hakuna kuruka. Tutembee kama watu." Mpiga pasi alikuwa anashuka na robota la mashati kifuani. Akatembea kama watu. Hospitali alisema amejikwaa nyumbani, kwa sababu Bwana Pole aliyempeleka alikuwa amemtangulia kusema hivyo, na kumkana mtu aliyekubeba mgongoni ni vigumu.

Aliporudi hospitali kuangaliwa, siku ya mapumziko ya kiwanda na mguu ukiwamo, mfunga plasta aliinua picha ya eksirei dirishani akaguna.

"Mfupa haujaunga hata kidogo. Unasimama kutwa."

"Mimi? Nakaa tu. Muulize wifi yangu."

"Sisemi wewe, mama. Nasema mguu." Akairudisha picha kwenye bahasha. "Ukiendelea hivi, hautakubeba tena maisha yako."

Kuanzia hapo wifi akatangaza vita. Aliifunga plasta kwenye mbao za kitanda kwa shuka, akapiga fundo lake la kufungia mizigo. Asubuhi waliikuta shuka imefunguliwa, imepigwa pasi kwa kukanyagwa, imekunjwa vizuri. Usiku uliofuata alilala juu ya plasta. Aliamka amelalia plasta tupu, na shingo imekaza.

"Twende tukaudai," alisema. "Kiungo ni chako, si cha kiwanda."

Walimkuta Bwana Pole chini ya ngazi, kavaa shati jipya. Alimshika mpiga pasi mikono yote miwili, magongo yakawa yananing'inia.

"Pole, dada yangu. Mimi sikuuita. Umekuja wenyewe, na siwezi kufukuza kitu kinachojituma. Panda ukauchukue." Kisha akateremsha sauti. "Ila mkaguzi karudi, yuko hapo juu. Leo hakuna kuruka."

Mpiga pasi alimwachia wifi yake magongo, akakaa kwenye kidato cha kwanza, akaanza kupanda kinyumenyume. Mkaguzi alikuwa anashuka. Alikuwa kijana mpole mwenye kofia ngumu, akasimama karibu kabisa na zulia, ambalo lilikuwa jipya, jekundu.

"Mama, uliumia wapi?" aliuliza.

Wifi alifungua mdomo kule chini. Kupitia mlango uliokuwa wazi juu, mpiga pasi aliisikia pasi yake ikifunga na kufungua. Alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini akilisema, ngazi itafungwa sasa hivi, na mguu wake uko upande wa juu.

"Nyumbani," alisema. "Nilijikwaa."

"Pole," alisema mkaguzi, akavuka zulia kwa mguu mrefu alioumbiwa, akashuka zake.

Mpiga pasi alijinyanyua kwa mikono, akakiruka kidato kwa makalio, akafika.

Kwenye chumba cha kushonea hakuna aliyeinua kichwa. Alijivuta kwa kushika meza moja baada ya nyingine. Kwenye cherehani mojawapo ya kola aliona mkono wa kulia wenye kovu la kuungua, ukisukuma kitambaa peke yake. Ulikuwa mkono wa fundi wa zamani aliyeacha kazi kwa maradhi. Mpiga pasi alikuwa akiuona kila siku, akidhani ni wa mtu aliyeinama. Mbele kidogo, kwenye kikapu cha vifungo, jicho lilikuwa linachagua rangi. Alilisalimia kwa heshima, kwa sababu lilimzidi umri.

Mguu wake ulikuwa pedalini, umevimba hadi kucha zimezama, na dada wa kola kando yake akitandika mashati.

"Twende nyumbani," aliuambia.

Mguu ukapunguza mwendo. Ukamaliza shati lililokuwapo, ukasubiri lingine. Haukuwa ukaidi. Mpiga pasi aliijua tabia ile, maana ni yake mwenyewe. Hata siku ya homa hakuwahi kuacha robota nusu. Aliona aibu, na katikati ya aibu akaona fahari, na fahari ndiyo iliyomtisha.

Dada wa kola akasukuma shati mezani, mikunjo mitupu. Mpiga pasi akavuta kigoda.

"Wifi!" ilipanda sauti kutoka chini. "Umeupata?"

"Nimeupata."

"Basi shukeni."

Alinyoosha kwanza mkono wa shati, akaulaza sawa, akageuza kola. Mguu ukakanyaga.

"Tangulia," alijibu. "Sisi bado tuna mashati."