Nyama Niliyoiosha

Chupa ilikuwa ya plastiki, kizibo chekundu, na ndani yake kilielea kipande cha nyama ya mama yangu, kidogo kama punje mbili za kahawa. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiko letu, Ihanda, Jumapili asubuhi, wenzetu wako kanisani na mama amelala ndani. Nikaimwaga dawa iliyokuwa mle chupani. Nikakiosha kile kipande kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu, nikakirudisha katika maji safi na kufunga kizibo. Nilijiona mtoto mwema.

Mimi ni Witness, fundi cherehani pale Mlowo, na si mjinga. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hunitazama kama mjinga. Nyumbani kwetu kinachotoka mwilini mwa mtu huoshwa kabla hakijaenda popote. Kondo la nyuma huoshwa, ndipo likazikwe mgombani. Maiti ndiyo usiseme. Sasa nyama ya mama isafiri hadi Mbeya ikinuka dawa inayochoma macho, ikatazamwe na wageni? Muuguzi alikuwa ameniambia, "Ipeleke maabara kesho kutwa kama ilivyo," nami nikaitikia, huku moyoni nikimwona hana malezi.

Uvimbe ulikuwa nyuma ya goti la kushoto. Mama aliuficha chini ya kitenge tangu masika, akidai aliteleza kwenye matope akateguka. Siku nilipouona nilimtania kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kisha nikanyamaza, maana ulikuwa mkubwa kuliko ngumi yangu. Daktari wa upasuaji, Lusubilo, aliupapasa, akaagiza picha, akasema uvimbe mgumu unaokua kwa kasi namna ile haukatwi kwa kubahatisha. Kwanza kipande chake kisomwe kwenye darubini.

Majibu yalichukua wiki tatu. Nyama imeoza, haisomeki.

Mama nilimwambia mashine ya Mbeya imeharibika. Daktari sikuweza kumdanganya. Nilimweleza yote, hata zile mara tatu, nikilia kwa aibu.

"Ile dawa ndiyo inayoizuia isioze, dada," alisema taratibu. "Hakuna aliyekueleza, na hapo sisi pia tuna kosa. Tutachukua kipande kingine."

Mama alichomwa ganzi mara ya pili bila kuuliza neno. Safari hii niliipakata chupa kama yai hadi Mbeya. Jibu lilikuja: saratani ya nyama laini, aina ambayo Daktari Lusubilo alikuwa ameiona mara mbili tu tangu aanze kazi, nayo ina haraka. Mapafuni ilikuwa haijafika. Akaweka picha mpya kando ya ile ya zamani.

"Hapa uvimbe uligusa mshipa mkubwa wa damu," alisema, kidole kikihama. "Hapa umeuzunguka. Nikiutoa wenyewe tu nitaacha mabaki, na mabaki yatamrudia. Tukate mguu juu ya goti, tubaki na mama."

Nikamuuliza kama ni zile wiki zilizouchukua mguu.

Alizitazama picha tena. "Sijui," alisema. "Hata mwanzoni nisingekuahidi kwamba mguu utapona."

Nimeishi na neno hilo miaka minne sasa. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Angesema hapana, ningelala usingizi.

Mama alipoambiwa, alisema, "Kahawa haichumwi kwa miguu." Akaomba wino, akaweka dole gumba kwenye fomu.

Upasuaji ulikwenda saa tatu nzima. Walipotuuliza kama tungeuchukua mguu, nilisema ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza. Kule Ihanda ndugu walikuwa wameshachimba pembeni mwa shamba la kahawa. Niliwaomba wasubiri. Nikauosha kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu, vidole kimoja kimoja, hadi kwenye ufa wa kisigino ambako udongo wa shambani ulikuwa umeshika. Hakuna aliyenizuia. Nililia sana, kisha tukauzika.

Mwezi mmoja baadaye mama alirudi nyumbani na magongo. Kabla hata hajaingia ndani alitaka kuona mahali pale. Tulikwenda polepole, mimi nyuma yake, mikono yangu tayari kumdaka. Alisimama akalitazama lile tuta dogo.

"Mliuosha?"

"Niliuosha mwenyewe, mama."

"Mara tatu?"

Idadi ile nilikuwa nimemtajia daktari peke yake.

"Jumapili ile nilikuwa dirishani," mama alisema, bila kunigeukia. "Nilikuona."

"Mbona hukunikataza?"

"Nikukataze nini? Hata mimi ningeiosha."

Nilitaka kumwomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu siku nyingi, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa ameshavuta tawi la mti wa kahawa karibu naye na kulipindua. Punje zilikuwa zimeiva, nyekundu hadi ncha, na hakuna aliyezigusa tangu alazwe.

"Niletee kigoda," alisema. "Na wewe uje na ndoo."