Dada Aliye Kwenye Kompyuta

Mchana, jua linapofika kwenye rafu za nyuzi na rangi zote kuwaka kwa mpigo, chumba cha mdarizi huwa na usingizi wake. Mashine ya kudarizi huimba wimbo wake mmoja, ikishona nembo za shule moja baada ya nyingine. Joto hulala sakafuni kama paka. Mwenye chumba hukaa mbele ya kompyuta, kidevu mkononi, akimtazama dada yake.

Dada hayupo chumbani. Yuko mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, kwenye chumba chake cha kushonea mapazia. Lakini kila asubuhi hupiga simu ya picha, mdogo mtu hubonyeza kupokea, na tangu hapo mpaka saa ya kufunga kazi dada huyo hukaa kwenye kioo cha kompyuta akikata, akipiga pasi, akinywa chai yake. Ndivyo walivyofundishwa kazi na mama yao: cherehani mbili zikitazamana, ukiinua macho unamwona mwenzako. Ndoa zilipowatenganisha, kila mmoja aliona hawezi kushona akiwa ameukodolea macho ukuta. Mume wa mdarizi akawaunganishia kompyuta, nao wakaendelea kama zamani.

Ajabu ni kwamba hawakuwa wakisemeshana. Mwaka wa tatu sasa.

Kisa chenyewe ukikisikia utacheka, ila wao hawakucheka. Mama yao alikuwa na ua lake, ua lenye shina lililopinda kushoto, alilolidarizi kwenye foronya za watu maisha yake yote. Mama alipofariki, dada mtu akaupeleka mchoro wa ua lile kwenye kiwanda cha magodoro, wala hakumuuliza mtu. Siku moja mdarizi anapita zake mjini, anakuta ua la mama yake limepangwa kando ya barabara, godoro juu ya godoro, limechapwa kwa zambarau iliyokolea kupita kiasi, na mwenye duka amelala chali juu yake, viatu miguuni. Alirudi nyumbani moja kwa moja. Alimpa dada yake vidonge vyake, akaapa hatamsemesha tena mpaka dada mtu aanze, kisha akazima sauti. Alipofika kwenye kuzima picha, mkono ulikataa.

Basi wakawa wanatazamana kimya kimya. Na ule ukimya, ukweli usemwe, ulikuwa na utamu wake. Mvua ikinyesha kwa dada, matone yaliteremka kwenye dirisha lake bila mlio, na mdarizi huku kwenye jua lake akahisi ubaridi mikononi. Midomo ya dada ilikuwa ikicheza muda wote. Labda anaongea na wateja, labda anahesabu marinda. Mdarizi naye alijizoeza kusema na ile picha, kama mtu anavyosema na sufuria iliyochelewa kuchemka. "Leo uzi unakatika ovyo, sijui una nini." "Hiyo blauzi haikukai, ila wa kukwambia hayupo." Na jioni akifunga kazi: "Haya, lala salama, mwanamke wa magodoro." Mara nyingine aliota mji mzima umelala juu ya ua la mama, watu wasiomjua mama hata kwa jina wakikoroma kwa raha zao, na ndotoni hakuwa na kinyongo na mtu. Akiamka anakumbuka kiapo chake, ananuna upya.

Kompyuta nayo ikaleta yake. Kwenye kona ya chini ya kioo lilizuka tangazo: mfumo endeshi wa kompyuta hii utaacha kupata masasisho ya usalama. Likaja tena, kubwa zaidi. Mtu mwingine angelisoma. Mdarizi yeye kilichomuudhi ni kwamba lilimfunika dada mkono wa kushoto, ule wa kushikia kitambaa. Alilifuta, likarudi. Alibonyeza "nikumbushe baadaye" mpaka kidole kikaijua njia chenyewe. Mwishowe akaisogeza picha ya dada juu, akakata kipande cha bitana, akakipinda pembe zote nne, maana hata akiwa na hasira hawezi kuacha kitambaa bila pindo, akakibandika kwa selotepu juu ya tangazo. Kikakaa hapo miezi.

Aliyekiona ni shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za hospitali. Alikuja mchana mmoja kuchukua koti alilotiliwa zipu.

"Shemeji, kompyuta imeumia wapi mpaka ukaifunga bendeji?"

"Iache hivyo hivyo. Ilikuwa na mdomo sana."

Shemeji akabandua kitambaa, akasoma, na utani wote ukamwisha usoni.

"Tarehe imepita hii. Imepita zamani."

"Mbona inafanya kazi?"

"Kufanya kazi itafanya. Nisikilize. Hakuna mfumo usio na matundu. Waliotengeneza huu walikuwa wanayaziba kila mwezi, wewe hata hujui. Sasa wameacha. Matundu mapya yakionekana, wezi wanayajua, na wa kuziba hakuna. Na wewe unashinda mtandaoni kutwa."

"Waibe nini kwangu, nembo za shule?"

"Wanaweza kukufungia michoro yako yote usiione tena. Na majina ya wateja, na namba zao."

"Basi niwekee huo mfumo mpya, yaishe."

Shemeji alizunguka nyuma ya kompyuta, akachungulia tumboni mwake, akatikisa kichwa. Mfumo mpya usingekubali kukaa kwenye kompyuta kongwe namna ile. Ipo mifumo mingine ya bure, mizuri tu, ila programu inayoiongoza mashine ya kudarizi isingefanya kazi humo. Na ukinunua kompyuta mpya, utataka programu mpya, na hiyo haitaelewana na mashine. Lililobaki lilikuwa moja: kunakili kazi zote mahali pengine, halafu kuitoa kompyuta mtandaoni moja kwa moja. Iendelee kudarizi, ila peke yake. Michoro ya wateja ingeingia kwa flashi iliyokaguliwa kwanza. Kwa mambo ya mtandao alikuwa na tableti kwenye begi, ambayo bado inapata masasisho yake. Alikuwa akisema huku mikono iko kazini. Kidude cha kuhifadhia kilishachomekwa, na kazi za miaka zilikuwa zikihamia humo polepole.

"Hii ikimaliza tu, nachomoa waya wa intaneti," alisema.

Mdarizi akamtazama dada, aliyekuwa ameinamia pazia la kijani. "Na huyu?"

"Huyu utampata kwenye tableti. Akaunti mpya tu, maana neno la siri la ile ya zamani mmeshalisahau wote. Mwambie kesho akupigie huku."

"Nimwambie?"

"Kwa mdomo, ndiyo."

"Hatusemeshani."

Shemeji alitazama picha, akamtazama mke wa kaka yake, akarudi kwenye picha. "Mnashinda mnatazamana hivi na hamsemeshani?"

"Kutazamana ni kutazamana."

Lakini alikuwa ameshaanza kupiga hesabu. Kesho asubuhi dada angepiga kama kawaida. Ingeita, ingeita, mpaka ikate yenyewe. Kesho kutwa angejaribu tena, halafu angeacha, akijua kwamba mdogo wake sasa hata sura yake haitaki. Kumzuia asidhani hivyo kulikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilitaka mdarizi aanze kusema; hata kumtuma mtu au kumpigia yeye kungekuwa kuanza. Akaomba wiki moja. Akaomba angalau mpaka Jumatatu. Mashine ikamaliza nembo, ikakata uzi, ikaanza nyingine.

"Shemeji," mwenzake alisema, safari hii kwa upole, "mwizi akiingia humu anakuwa wewe. Anaweza kumwandikia dada yako kwa jina lako. Atamwambia atakalo, na dada atajibu akijua ni mdogo wake kanyoosha mkono."

Hilo lilimchoma kuliko habari za michoro. Miaka yote hii amekaa na neno lake mdomoni, halafu aje mtu baki amtangulie kwa dada yake. Akanyanyuka, akakaa tena, akajifuta viganja kwenye sketi.

"Niwashie sauti," alisema.

Shemeji akainama kwenye kioo, akakunja uso. "Iko wazi, mbona. Maikrofoni haijawahi kuzimwa hii."

"Niliizima mwenyewe. Siku ile ile."

"Uliizima wapi?"

Mdarizi akamwonyesha chini ya meza, kwenye waya mweusi uliojilalia vumbini. Shemeji akauokota, akaufuata kwa vidole mpaka ulikotoka.

"Huu ni wa spika. Ukiuchomoa huu, wewe ndiye husikii. Yeye anakusikia."

Hakuelewa mara moja. Maneno yalimfikia moja moja, kama yanatoka chumba cha pili. Uzi unaokatika. Blauzi. Siku ile aliyomlilia mama, paji la uso limelalia meza ya kukatia, akidhani yuko peke yake duniani. Mwanamke wa magodoro, kila jioni ya Mungu. Vyote vilikuwa vimefika. Na kila asubuhi, baada ya hayo yote, dada alipiga simu.

"Chomeka," alisema.

Spika zikakoroma kidogo, halafu sauti ikaingia chumbani, nzito kuliko alivyoikumbuka. Dada hakuwa ameinua kichwa. Alikuwa akisema huku mkasi unatembea, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kujibiwa.

"...umsikilize shemeji yako, usijifanye kichwa ngumu. Na huo uzi nimekwambia tangu juzi, ubaya si uzi. Badilisha sindano."

"Nimeshabadilisha," mdarizi akasema.

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Dada akainua uso polepole, akatazama huku na huku chumbani mwake kwanza, ndipo akatazama kioo.

"Umesemaje?"

"Nimesema sindano nimeshabadilisha."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Nilichomoa spika. Nilidhani nimezima kote kote."

Dada alikaa juu ya rundo la mapazia bila kutazama anakokaa. Safari hii ukimya wake ulisikika; kulikuwa na feni inazunguka kule, na mtoto wa mtu anacheka nje.

"Kwa hiyo hukusikia hata moja," alisema.

"Sikusikia."

"Nilikuomba radhi. Kila asubuhi ukipokea tu, kabla sijashika mkasi. Mwaka mzima. Nilikwambia nimekosa, lile ua halikuwa langu peke yangu. Wewe unanitazama tu, hujibu. Nikasema basi, amekataa, ila angalau simu anapokea. Nikaacha kuomba, nikawa napiga soga tu."

Mdarizi akaisogelea kompyuta. Machozi yakamshuka na hakuyafuta. Aliona aibu, aliona furaha, na aliuchukia ule waya, vyote kwa wakati mmoja.

"Mimi nilidhani unahesabu marinda," alisema.

"Marinda gani hayo ya kuhesabu miaka mitatu?"

Wakacheka, mmoja akiwa amejishika kifua, mwingine akipenga kamasi kwenye kipande cha bitana. Shemeji alikohoa. Alisema hataki kuingilia mambo ya watu na dada zao, lakini kunakili kumekwisha na mlango wa wezi bado uko wazi.

"Achomoe," dada alisema. "Nimemsikia tangu alipoingia. Yangu mimi ilishabadilishwa mwaka jana, tena nilikwambia."

"Subiri kwanza."

"Chomoa, mdogo wangu. Siendi popote."

Akauchomoa waya wa intaneti mwenyewe. Picha ilikwama, dada ameinua kidole kama anayetaka kuongeza neno, halafu ikawa kijivu. Mashine ya kudarizi haikujua lolote. Iliendelea na nembo yake. Shemeji akamwekea tableti mapajani, akamwonyesha pa kugusa, na dada akapokea kabla haijaita mara ya pili. Huku alionekana kwa karibu zaidi. Mdarizi akaona mvi kwenye nywele za mbele, mvi nyingi, ambazo kwenye ile picha ndogo hazikuwahi kuonekana.

"Haya," dada alisema. "Tulikuwa tunasemaje?"

"Hapana. Anza mwanzo."

"Mwanzo wapi?"

"Ile asubuhi ya kwanza, baada ya ugomvi. Nilipopokea, ulisemaje?"

Dada akatazama pembeni, akafikiri. Mdarizi akanyoosha mkono akaizima mashine, chumba kikatulia, akaisogeza tableti karibu na sikio.

"Nilisema," dada akaanza.