Mtakatifu wa Pango la Tatu

Wifi yangu Filumena alikuja likizo kutoka Melbourne mwezi wa Agosti, akiwa na masanduku matatu na mipango ya kupumzika iliyotuchosha sote. Siku ya kwanza tukaenda ufukweni. Siku ya pili tukaenda ufukwe mwingine, eti tulinganishe. Siku ya tatu, tukiwa mezani tunakula pastizi, zile sambusa zetu za jibini, akasema anataka kupanda boti akaone mapango.

"Mapango gani?" akauliza mume wangu Wenzu.

"Mapango yetu haya, kaka. Watu kule wananiuliza yakoje, nabaki kutabasamu tu."

"Waambie ni mashimo. Yana maji."

Sisi wa hapa hatupandi boti za mapango. Utalipaje nauli kwenda kuona sebule yako mwenyewe? Lakini Wenzu hakuwa akikataa kwa sababu hiyo, na pale mezani kila mtu alijua, pamoja na binti yetu Dorianne, aliyeacha kutafuna. Boti zile zinaendeshwa na vijana wa Mtakatifu Yosefu, na mmoja wao ni Redent. Redent ndiye aliyekuwa amuoe Dorianne mwezi wa Septemba.

Kijiji chetu kina kanisa moja na klabu mbili za bendi. Kuna klabu ya Mtakatifu Laurenti, ambayo ni yetu, na kuna klabu ya Mtakatifu Yosefu, ambayo ipo. Kila moja ina tarumbeta zake, fataki zake, sikukuu yake na baa yake. Wenzu amepewa jina la Laurenti, maana Wenzu ndiyo Laurenti kwa lugha yetu, na baba yake aliitwa hivyo, na babu yake vilevile. Baba yake Redent ndiye fundi mkuu wa fataki wa upande wa pili. Redent alipokuja kuposa, siku ya Pasaka, Wenzu aliongeza sauti ya televisheni mpaka kijana akaondoka. Tangu hapo hakuwahi kumwambia neno hata moja. Akimtaja, humwita "yule wa kule."

Harusini alisema atakuja, yeye si mshenzi. Ila atakaa benchi la nyuma kama mgeni yeyote. Kumshika binti mkono na kumpeleka altareni, hilo hapana, kwa sababu hawezi kumtembeza mtoto wake kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa Yosefu. Dorianne akajibu kwamba basi atatembea peke yake, hataki mjomba wala nani. Wote wawili wana kichwa kigumu kile kile. Mimi nilikuwa nikipiga pasi, nikaendelea kupiga pasi, lakini iliniuma. Mtoto wangu mmoja tu, atembee njia yote ile kama yatima, na baba yake yuko hai, ameketi nyuma, amenuna.

Basi tukaenda mapangoni. Wenzu alikubali kwa sababu Filumena alianza kulia, na Filumena akianza kulia majirani hutoka nje.

Pale ghubani boti huondoka kwa zamu. Mzee Nenu anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuita, na abiria hachagui boti. Filumena anaapa mpaka leo kwamba hakupanga lolote. Mimi nilimwona akihesabu boti kwa kidole. Halafu akainama kufunga kamba ya kiatu, akaifunga muda mrefu sana, mpaka familia moja ya Wafaransa ikatupita. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Nane wanaofuata," akaita Mzee Nenu. "Boti ya Redent."

Wenzu akasimama. "Tutangoja inayofuata."

"Zamu ni zamu, Wenzu."

"Nenu, mimi na wewe tumesoma darasa moja."

"Na hata kule hukupenda foleni. Panda, unazuia watu."

Redent alikuwa amesimama ndani ya boti, amepauka kama unga. Akampa mkono Filumena, akanipa mimi, akampa Dorianne, ambaye alimkata jicho la kumwambia atulie. Akampa mkono Wenzu. Wenzu aliutazama mkono ule, akapanda mwenyewe, akateleza, na kiatu chake cha kulia kikaingia baharini hadi kwenye kifundo. Alikaa na kiatu kimejaa maji kana kwamba ndivyo alivyotoka nacho nyumbani.

Nyuma ya boti, kwenye kisanduku chenye kioo, kulikuwa na sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu. Wenzu akaipa mgongo. Redent akagawa majaketi ya kujiokolea. Lake Wenzu likaifunika beji ya Laurenti anayoivaa kwenye shati. Akaingiza mkono ndani, akaichomoa, akaichomeka juu ya jaketi. Redent aliiona ile pini ikitoboa jaketi lake, akawasha injini.

Abiria wengine walikuwa Wajerumani wawili, mtu na mkewe, wenye kofia zinazofanana. Wengine wawili walighairi walipotuona.

Niseme ukweli, mapango ni mazuri. Nilikuwa nimesahau. Unaingia na maji chini yako yanageuka buluu ya ajabu, hata mikono yako unaiona si yako, na kila mtu anaanza kunong'ona bila kuambiwa. Filumena alinishika mkono na kulia, safari hii kwa haki. Redent alieleza vizuri, pango la kwanza, pango la pili, kwa Kiingereza na kwa lugha yetu, huku jasho likimtiririka. Wenzu aliangalia kiatu chake.

Tukafika pango la tatu.

Hapo lazima nieleze. Kwenye mdomo wa pango la tatu kuna jiwe lililosimama kama mtu mwenye kanzu, na mkononi ameshika kitu. Wale wa Yosefu wanasema ni Yosefu na fimbo yake. Sisi tunasema ni Laurenti na ule wavu wa chuma aliochomwa juu yake motoni. Ubishi huu ni mkubwa kuliko sisi. Picha ya jiwe hilo ipo kwa kinyozi, na kinyozi ameitundika nyuma ya mlango ili watu wanyolewe kwa amani.

Nilikuwa naomba boti ipite haraka. Yule mama wa Kijerumani akanyoosha kidole.

"Yule ni nani?" akauliza.

Redent akapunguza mwendo. Alilitazama jiwe, akamtazama Wenzu, akamtazama Dorianne.

"Yule," akasema, "ni Mtakatifu Laurenti. Ameshika wavu."

Dorianne akafunika uso kwa mikono. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisemea yamekwisha, kijana ameinama, mzee atalainika, tutakwenda nyumbani tukale. Miaka thelathini ya ndoa na bado sikumjua mume wangu.

Wenzu akainua kichwa.

"Wewe," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Redent tangu Pasaka. "Nani amekwambia huyo ni Laurenti?"

"Si ndivyo mnavyosema, mzee?"

"Sisi ndivyo tunavyosema. Wewe unasemaje?"

Maji yalikuwa yakigonga ukuta wa pango.

"Babu yako," akasema Wenzu, "alimvunja babu yangu jino kwa ajili ya jiwe hili. Jino la mbele. Alizikwa na pengo lile. Leo wewe unaligawa jiwe kama peremende?"

"Nilitaka amani, mzee."

"Amani. Umemkana Yosefu wako mbele ya Wajerumani kwa sababu baba mkwe amenuna. Haya. Kesho mama yako naye akinuna, utamkana nani?"

Hakumtazama Dorianne aliposema hivyo, lakini sote tulimtazama. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimtafuna muda wote ule, wala hakikuwa tarumbeta. Nikahisi uchungu, na nikahisi hasira pia, kwa sababu angeweza kuniambia mapema nikiwa napiga pasi.

Redent alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akageuza boti. Tulidhani anarudi ghubani, na Filumena alikwishafungua mdomo kulalamika kwamba mapango mengine hajayaona. Lakini alizunguka, akarudi mbele ya jiwe lile lile, akazima injini.

"Samahani," akawaambia Wajerumani. "Niliwadanganya. Yule ni Mtakatifu Yosefu. Anachoshika ni fimbo. Laurenti hajawahi kukanyaga hapa."

Kisha akamgeukia Wenzu. Magoti yalikuwa yakimtetemeka, niliyaona, maana alivaa kaptura.

"Na Dorianne namuoa, mzee. Ukae mbele, ukae nyuma, ukae nyumbani. Mama yangu akinuna, ataendelea kununa. Na beji yako imetoboa jaketi langu."

Wenzu alilitazama jiwe, akamtazama kijana kuanzia kichwani hadi kwenye yale magoti.

"Mwongo mkubwa," akasema. "Wavu unaonekana hata kwa kipofu."

"Ni fimbo, mzee."

"Wavu."

"Fimbo."

Wenzu akaegemea nyuma. Na usoni alikuwa na ile sura aliyokuwa nayo siku niliyojifungua, aliposikia mtoto akipiga kelele na daktari akasema mapafu yake ni mazima.

"Sasa ni nani hasa?" akauliza mume wa Kijerumani.

"Piga picha tu, ndugu yangu," akasema Filumena. "Utaamua kwenu."

Mapango yaliyobaki tuliyaona kwa ubishi. Wenzu alipinga kila kitu. Redent akisema kina cha maji, Wenzu anasema si hivyo, babake alivua hapa. Redent akisema jina la pango, Wenzu anasema jina hilo wamelitunga wa Yosefu. Kijana naye hakurudi nyuma hata mara moja, ingawa Dorianne alikuwa akimvuta jaketi. Walikuwa wakifurahi wote wawili, wanaume wana mambo.

Tulipofika ghubani Redent akaruka kwanza, akafunga kamba, akatushusha mmoja mmoja. Wenzu akawa wa mwisho. Redent alisita, pengine alikumbuka ile mara ya kwanza, mkono akauacha ubavuni. Wenzu akasimama kwenye ukingo wa boti, kiatu kikitoa maji, na akanyoosha mkono wake yeye. Redent akauchukua. Wenzu aliposhika nchi kavu hakuuachia.

"Mwambie baba yako," akasema, "asirushe fataki hata moja kabla sijamfikisha binti yangu altareni. Akinishtua nikajikwaa, nitamshtaki."

Dorianne akageuka upande wa bahari. Nilimwona mabega yakitikisika.

"Nitamwambia," akasema Redent.

"Na huyo Yosefu wenu sitaki kumwona kanisani siku hiyo."

"Yumo mle mle, mzee. Upande wa kushoto. Yumo tangu zamani."

"Najua alipo," akasema Wenzu. "Nitaangalia kulia."

Na aliangalia kulia. Siku ya harusi alivaa suti ya kijivu na beji, akampa Dorianne mkono wake wa kushoto, wakaingia. Kanisa zima lilisimama, wa Laurenti huku na wa Yosefu kule, na Wenzu akatembea urefu wote wa kanisa shingo imegeukia kulia kama mtu aliyelala vibaya. Watu waliokuwa upande wa kulia walidhani anawasalimu, wakawa wanaitikia kwa kichwa. Baba yake Redent aliinama kuficha kicheko.

Walipofika mbele ilibidi amkabidhi. Na ili ambusu binti yake, aliyekuwa kushoto kwake, ilibidi ageuke.

Akageuka. Juu ya shela ya Dorianne, ndani ya kile kijumba chake cha marumaru, alikuwepo Yosefu na fimbo yake, anamtazama Wenzu uso kwa uso. Wenzu hakukwepa. Alimbusu mtoto wake shavu moja, akambusu shavu la pili, akabaki ameshika uso wake kwa mikono miwili, muda mrefu mpaka padri akakohoa.

Alipokuja kuketi kando yangu, benchi la mbele, nilimpa leso. Aliikataa. Alijipangusa macho kwa kiganja, akaniambia ni moshi wa mishumaa.

Kanisani kwetu mishumaa ni ya umeme tangu padri huyu aje. Nilisogea karibu naye, nikamwambia ndiyo, hata mimi unaniingia.