Kesho Saa Nne

Ukuta ulianza kulia kabla hawajamwona anayeutoboa. Mlio wa chuma kinachotafuna saruji ulipita sebuleni, ukazitikisa picha kwenye misumari yake, ukamfikia mama chumbani alikokuwa amelala macho wazi. Kisha ncha ya keekee ikachungulia ndani, juu kidogo ya dirisha, na vumbi jeupe likamwagikia meza mpya ya televisheni.

"Wamefika?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Wamefika, mama," seremala alimjibu. "Ukuta umeshakubali."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Mdogo wake seremala, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa amefariki Jumapili katika nchi ya mbali alikokwenda kutafuta maisha, akayapata, akayaacha huko huko. Maziko yalipangwa Jumamosi, saa kumi alasiri kwa saa za hapa. Mjane wake alipiga simu akasema yataonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, na atakayetazama ataona kila kitu kama aliyesimama kaburini.

Mama hakuwa na miguu ya kumfikisha hata kituo cha basi, seuze ng'ambo. Macho yake yalishaingia utando. Uso wa mtu kwenye simu aliuona kama doa. Na simu yenyewe, ndani ya nyumba ile ya kuta nene, ilikuwa ikishika mtandao kama kiganja kinavyoshika maji. Jirani mwenye televisheni pana aliwakaribisha kwake, akaahidi hata kuwatoa watoto nje. Mama alimshukuru, akakataa.

"Sitamzika mwanangu sebuleni kwa watu," alisema, na mjadala ukafungwa.

Ndipo seremala alipoagiza intaneti na televisheni ya nyumbani. Kampuni ilimwambia kisanduku kimoja kingeleta vyote viwili, na ile televisheni yao ya siku nyingi, iliyokuwa ikionyesha chenga kuliko picha, ingefufuka. Yeye naye hakukaa mikono mitupu. Kwa siku moja na nusu aliunda meza ya kuiweka, ya mbao nyekundu, pembe zake zimefungamana bila pengo la kupitisha ukucha. Mbao hizo zilikuwa zimesimama pembeni mwa karakana zikingoja kuwa kitanda cha mtoto mchanga. Mteja alizichagua mwenyewe akiwa na mimba kubwa, akazipapasa moja moja kama anayechagua kitambaa. Seremala alijiambia kwamba mbao hazina majina; angetafuta nyingine wiki ijayo.

Fundi wa nyaya aliingia akijipangusa vumbi usoni. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mkanda wa zana umemlegea kiunoni, kofia ngumu imemwachia mstari kwenye paji la uso. Aliuvuta waya mweupe tunduni, akauzungusha vizuri, akauning'iniza chini ya dirisha. Akaitazama meza.

"Hii kazi ya nani?"

"Yangu."

"Basi naona haya kuweka waya wangu karibu yake." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kaka, nje nimemaliza na ndani nimemaliza. Kimebaki kisanduku tu. Stoo wanapokea vipya kesho asubuhi. Kesho saa nne nitakuwa hapa."

"Maziko ni Jumamosi."

"Jumamosi mbali huko. Ila nina ombi." Alishusha sauti, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa nyuma. "Umeingia ujumbe kwenye simu yako, una namba sita. Hiyo ndiyo namba ya kufungia kazi. Msimamizi anahesabu kazi zilizofungwa kabla ya saa kumi na moja. Leo nimefunga moja. Nikirudi hivi hivi, kesho hawanipi gari, na bila gari hapa sifiki."

Seremala aliusoma ujumbe. Ulisema waziwazi kwamba namba isitolewe mpaka huduma ianze. Angekuwa karani, au mwalimu, au mtu yeyote ambaye riziki yake haitoki viganjani, angekataa. Lakini yeye aliyasoma zaidi mabega ya yule mtu. Aliwahi kuwa chini ya bwana mkubwa wa karakana aliyehesabu viti bila kuuliza mbao zilitoka wapi. Fundi kwa fundi hawanyimani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na aliiona ni sheria ya kiungwana. Akazitaja namba, moja baada ya nyingine, taratibu, asikosee.

"Na picha moja, kaka. Wanataka mteja aonekane kando ya televisheni. Inua kidole gumba kidogo."

"Nimefiwa, ndugu yangu."

"Najua. Pole sana. Ni sekunde moja."

Akainua kidole. Na kwa kuwa aliyeelekezewa kamera huona aibu kununa, alitabasamu pia.

Fundi alipobeba ngazi yake kutoka, alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama. "Kesho saa nne, mama," alisema kwa adabu. "Bila kukosa."

Alhamisi mama alivaa mapema, akaomba aletwe kwenye kiti mbele ya televisheni. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Seremala aliingia na kutoka, akitazama barabara, akirudi kutazama ule waya ulioning'inia bila kazi.

"Tulia, mwanangu," mama alimwambia. "Nimezaa fundi, nazijua saa zao. Saa nne ya fundi huanza saa nane."

Alicheka, na seremala akacheka naye, kwa kuwa siku hiyo mzaha ulikuwa bado unachekeka. Simu ya fundi iliita siku nzima bila kupokewa.

Ijumaa alikwenda kwenye ofisi ya kampuni. Palikuwa na kiyoyozi, viti vya rangi vilivyounganishwa, na ukutani picha ya familia iliyokaa kwenye kochi ikiitazama televisheni kwa furaha ambayo hakuwahi kuiona katika nyumba yoyote. Alikaa mpaka namba yake ikaitwa. Dada wa kaunta aliandika jina la mtaa, akasoma, akatabasamu.

"Umeshaunganishwa, kaka. Tangu Jumatano."

"Sijaunganishwa. Nina waya na tundu."

"Mfumo unaonyesha kazi imefungwa. Na umeithibitisha mwenyewe." Aligeuza skrini ili amwonyeshe, bila ubaya wowote.

Seremala alijiona. Amesimama kando ya televisheni nyeusi, fulana yake imejaa vumbi la ukuta, kidole gumba juu, meno nje. Chini ya picha pameandikwa: Mteja ameridhika. Siku tatu baada ya kifo cha ndugu yake wa tumbo moja, yeye ameridhika. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kuishika ile skrini na kuivunja vipande vipande. Mikono yake ilijua namna ya kuvunja kama ilivyojua kuunda. Akaificha chini ya kaunta.

"Ndugu yangu anazikwa kesho," alisema. "Mama yetu anataka kuona. Ni hilo tu."

Yule dada aliacha kuandika. Macho yake yalilainika kwelikweli. "Pole sana, kaka. Naweza kukufungulia lalamiko jipya. Litashughulikiwa ndani ya siku tatu za kazi."

"Andika basi kwamba ni maziko."

Aliitazama skrini, akaishusha, akaipandisha. "Hapana sehemu ya kuandika hivyo," alisema.

Alipofika nje akapiga simu tena, na safari hii fundi wa nyaya akapokea. Nyuma yake palisikika keekee ikiunguruma katika nyumba nyingine.

"Kaka, nisamehe. Visanduku havijaingia. Nilikwambia kesho kwa sababu na mimi niliambiwa kesho."

"Sasa kwa nini hukupokea simu?"

"Ningekwambia nini?"

Seremala alikuwa na majibu kumi, makali, mengine ya kumrarua mtu utu wake. Alifungua kinywa atoe la kwanza, na hapo akakumbuka simu ya wiki iliyopita. Yule mteja wa kitanda alikuwa amempigia mara tatu, naye akaigeuza simu kifudifudi juu ya benchi, akaendelea kupiga randa. Ya nne alipoipokea, alisema mbao zilikuwa bado hazijakauka. Zilikuwa zimekauka tangu mwezi uliotangulia.

Alikata simu, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, ilipobaki robo saa kufika saa kumi, aliiegemeza simu kwenye kioo cheusi cha televisheni, juu ya meza ya mbao nyekundu. Karibu na dirisha mtandao ulikuwa na nafuu. Alikisogeza kiti cha mama mpaka magoti yake yakagusa meza. Picha ikaja: watu wa makoti meusi, mvua nyembamba, mjane wa mdogo wake amemshika mtu mkono. Kamera ikageuka kuelekea jeneza. Ikakwama.

Mama aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo cha simu. "Ndiye?"

"Hapana, mama. Ni kiatu."

"Kiatu chake?"

"Cha mtu mwingine. Simjui."

Kilikuwa kiatu cheusi chenye tope ubavuni, na kiliganda hapo. Sauti ilikuja na kukatika. Neno moja la mzungumzaji, kikohozi, mwavuli ukifungwa. Mama hakubandua macho. Alikitazama kile kiatu cha mgeni kama mtu aliyeambiwa kwamba ndani yake mna kitu chake. Kisha ukaja mlio ambao seremala hakuhitaji picha kuutambua: udongo ukiangukia mbao. Mbao nyembamba, alizijua kwa sauti yake. Za haraka, zisizopigwa randa vizuri. Alimwomba Mungu mama asiutambue. Mama alikuwa ameshafumba macho.

Hapo simu ikaita. Kiatu kikatoweka, na mahali pake pakatokea maneno aliyoyahifadhi mwenyewe: Mama Kitanda. Aliikata, akafungua tena, akangoja. Kioo kikamwambia matangazo yamekwisha.

Wakakaa. Nje mtu alikuwa akifagia. Kwenye tundu la ukuta mwanga wa jua ulikuwa umejibana kando ya waya, ukachora nukta moja sakafuni.

"Nani aliyepiga?" mama aliuliza.

"Mteja. Anadai kitanda cha mtoto."

"Mtoto ameshazaliwa?"

"Ana wiki tatu."

Mama alinyoosha mkono, akaugusa ukingo wa meza. Vidole vyake vilitembea taratibu mpaka kwenye pembe, vikatafuta pengo, vikalikosa. Alikuwa hajaigusa tangu iingie ndani.

"Mbao nzuri," alisema. "Siku moja na nusu. Ulizitoa wapi?"

Seremala aliitazama simu. Mama aliurudisha mkono mapajani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Mpigie," alisema.

Seremala alisimama, akaibeba televisheni mikononi, akaiweka sakafuni ikitazama ukuta. Alichukua bisibisi dirishani, akapiga magoti, akaibana simu kati ya sikio na bega. Skrubu ya kwanza ya meza ilikataa. Alikuwa ameikaza mwenyewe, kwa hasira na mapenzi, akijua haitafunguliwa. Akaikazania. Upande wa pili simu ilipokewa, na kabla ya sauti ya mwanamke ikaja ya mtoto, kilio kikavu cha aliyechoka kulia.

"Fundi," mwanamke alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomchoma. "Unajua hapa nyumbani tunakuita nani? Tunakuita Kesho. Mume wangu akirudi ananiuliza, Kesho kasemaje? Namwambia, Kesho kasema kesho. Mtoto analala katikati yetu, mimi silali nikiogopa kumlalia. Sasa niambie lolote, hata kama ni uongo, ila uwe mpya."

Skrubu ilitoa mlio mdogo, ikaanza kuzunguka. Mama alikuwa amemtegea mwanawe sikio, akingoja kama alivyongoja Alhamisi, amevaa, mikono mapajani.

"Kesho saa nne, dada yangu," seremala alisema. "Bila kukosa."